Simba wa Tsavo niliwakuta Chicago

Mimi ni mtu wa Voi. Utotoni, tukichelewa kurudi kutoka kuchota maji, nyanya alitutisha na simba wa Tsavo, na hata siku moja sikujiuliza simba wale waliishia wapi. Niliwakuta Novemba 2017 mjini Chicago, katika makumbusho ya Field, wawili, madume yasiyo na manyoya ya shingoni, wamewekwa nyuma ya kioo. Nilikuwa na koti la kuazima na viatu vilivyolowa.

Habari zao kwetu tunazijua kwa mdomo. Mwaka 1898, reli ya Uganda ilipofika mto Tsavo, simba hao waliwavamia wajenzi wa daraja kwa miezi, mpaka John Henry Patterson, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyesimamia kazi ile, alipowaua wote wawili mwezi Desemba. Ambalo sikulijua ni kwamba aliondoka na ngozi zao, akazifanya mazulia kwa muda wa miaka 25, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa makumbusho hayo kwa dola 5,000. Ndiyo maana ukiwatazama unaona wadogo kuliko simba wa kwetu. Zulia lilikuwa limepunguzwa na kuchakaa, na fundi aliyewajaza upya alifuata ngozi iliyobaki. Idadi ya waliouawa inabishaniwa. Patterson alifikia kutaja watu 135. Watafiti waliopima mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria mwaka 2009 kuwa ni kama 35. Nyanya hakuwa na idadi. Alisema tu, "Walikula watu wa watu."

Nilikaa pale karibu saa nzima. Nilivuka bahari kuja kuona maghorofa, mji ukanirudisha kwenye daraja ninalolipita kila nikienda Nairobi. Tangu siku ile nimebadili namna ya kuutazama mji wa ugenini. Kabla ya kuuliza mnara wake una urefu gani, naulizia una kitu gani cha kwetu.

Nilikuwa Marekani kwa miaka miwili, 2017 hadi 2019, nikiwa mwalimu msaidizi wa Kiswahili katika chuo kimoja cha mji mdogo huko Indiana. Posho ilikuwa ndogo na gari sikuwa nalo, kwa hiyo kila likizo nilibeba begi moja nikapanda basi. Nimefika New York, Chicago, Washington, Toronto, Montreal, Los Angeles na Mexico City. Nyumbani wananiuliza upi ni mzuri zaidi, na jibu ninalo. Mgeni wa mara ya kwanza, asiye na gari wala hela za kuchezea, aanze na Chicago. New York lazima uione, lakini isiwe ya kwanza. Na mji ambao ningerudi kesho nikipewa tiketi ni Mexico City.

New York ndiyo niliyoanza nayo, mwezi mmoja kabla ya Chicago, na ilinichosha. Siku ya pili nilipanda treni ya herufi A pale Columbus Circle, nia yangu kushuka mtaa wa 81 kwenye makumbusho ya viumbe. Sikujua kwamba reli ile inapitiwa na treni za namna mbili, zinazosimama kila kituo na za haraka zinazoruka vituo, na kwamba A ya mchana ni ya haraka. Nikaona vibao vinapita dirishani, 72, 81, 86, 96, na treni haikusimama hadi mtaa wa 125, katikati ya Harlem. Mama mmoja mwenye kilemba alikuwa ameuona wasiwasi wangu. Kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Kifaransa akaniambia, "Binti yangu, vuka ng'ambo ya pili, chukua C, itakurudisha." Tulipofika juu barabarani akaniuliza kama nimekula. Alinielekeza mtaa wa 116, kwa Wasenegali, nikala wali uliopikwa ndani ya mchuzi wa samaki na nyanya, juu yake kipande cha muhogo na karoti nzima. Makumbusho ya viumbe sikuyaona safari ile, na sikusikitika.

Ukienda New York, panda feri ya Staten Island. Ni kubwa, rangi ya chungwa, inakwenda usiku na mchana, inapita mbele ya Sanamu ya Uhuru kwa umbali wa kupiga picha nzuri, na haina nauli. Nasisitiza hili la nauli kwa sababu nje ya gati nilikuta vijana wenye vitambulisho shingoni wakiwauzia wageni tiketi za "feri". Mimi nilitoa dola 20 kwa mmoja wao kabla mfanyakazi wa gatini hajaniita pembeni akaniambia nifuate watu tu, nipande. Kijana nilipogeuka hayupo. Dola 20 zilikuwa chakula changu cha siku mbili, na niliumia.

Jambo lililonikaa rohoni New York liko kaskazini kidogo ya gati hilo, hukohuko Manhattan kusini. Mwaka 1991, walipochimba msingi wa jengo la ofisi za serikali, walikuta makaburi ya Waafrika wa karne ya 17 na 18, wengi wao watumwa, waliozikwa nje ya mji wa wakati ule. Walitolewa mabaki ya watu zaidi ya 400, karibu nusu yao watoto, nayo yakazikwa tena kwa heshima mwaka 2003. Leo pana mnara wa jiwe jeusi na chumba cha maonyesho, bure. Wafanyakazi wa ofisi wanapita na vikombe vya kahawa, na chini ya miguu yao, mitaa kadhaa, inasadikiwa wamelala maelfu. Nilisoma dua nikaondoka.

Kwa nini basi isiwe ya kwanza? Kwa sababu ukiwa na siku nne, nusu ya muda wako unaishia chini ya ardhi, na kitanda cha hosteli kinakula hela ambayo Chicago ingekulaza siku mbili. Mji ni mkubwa mno kumfundisha mgeni namna ya kusafiri. Chicago unamfundisha.

Chicago treni haziko chini tu. Katikati ya mji zinapita juu ya nguzo za chuma, usawa wa ghorofa ya pili, zikizunguka mitaa ya biashara kama ukanda. Nilipanda ile ya njia ya kahawia, nikakaa dirishani, ikapita katikati ya majengo karibu sana hadi unaona mtu anamwagilia ua ofisini mwake, ikavuka mto, ikaenda hadi vitongoji vya nyumba za matofali. Hiyo peke yake ni ziara. Ukishuka, vitu vingi viko mwendo wa miguu. Pana bustani ya Millennium yenye lile umbo la chuma linalong'aa kama tone la zebaki, ambamo unajiona wewe na maghorofa yote nyuma yako. Pana jengo la utamaduni lililokuwa maktaba tangu 1897, lenye kuba la vioo vya rangi, nalo halitozi kitu. Kisha ziwa. Mtu wa pwani akiliona Ziwa Michigan atasema ni bahari, maana ng'ambo haionekani na mawimbi yanapiga ukuta, mpaka aonje maji.

Na maji yale yana kisa ambacho kilinifanya niuheshimu mji. Mto wa Chicago ulikuwa unamwaga uchafu ziwani, na ziwa hilohilo ndilo walilokunywa. Mwaka 1900 walimaliza kuchimba mfereji, wakaugeuza mto uelekee upande wa pili. Nilisimama darajani nikijaribu kulielewa hilo. Barabara kubwa ya kandokando ya ziwa ina jina la Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi aliyejenga makazi na duka lake kwenye mdomo wa mto ule karne ya 18, kabla mji haujawa mji. Nilipokuwa kule jina lake halikuwa kwenye barabara hiyo. Liliongezwa mwaka 2021, na nilifurahi kusikia.

Lakini usiende Januari. Mimi nilirudi Januari 2018 kwa sababu vyumba ni rahisi, na sasa najua kwa nini ni rahisi. Upepo wa ziwani unapenya mshono wa koti. Tukiwa njiani kurudi, basi la kampuni moja lilitushusha kwenye kituo kidogo kubadilisha gari saa sita usiku, na lile la pili halikuja hadi saa kumi na moja alfajiri. Ofisi imefungwa, mlango wa chumba cha abiria haufungi vizuri. Mzee mmoja Mmarekani alitugawia magazeti tuyatie ndani ya koti kifuani. Yanasaidia kweli. Tangu hapo sikusafiri tena kwa basi la usiku miezi ya Desemba hadi Machi, hata liwe rahisi vipi.

Tena ujiandae na bei. Kinachoandikwa kwenye kitu siyo unacholipa. Kodi ya mauzo inaongezwa ukifika kwa mpokea fedha, na nilipokuwa kule Chicago ilikuwa asilimia 10.25. Ukikaa mkahawani, ongeza bakshishi ya asilimia 15 hadi 20, nayo siyo hisani, maana mshahara wa mhudumu unaitegemea. Chakula cha dola 20 ukihesabu vizuri ni 26.

Washington niliipenda kwa sababu moja kubwa. Makumbusho ya taifa, yale ya Smithsonian, hayana kiingilio, na yamepangwa mkono kwa mkono kwenye uwanja mmoja mrefu. Nilitumia siku mbili kamili ndani ya moja tu, ile ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi, iliyofunguliwa Septemba 2016. Mkuu wa wasanifu wake, David Adjaye, ni mtoto wa mwanadiplomasia wa Ghana, aliyezaliwa Dar es Salaam. Unaanza kwa kushuka. Lifti inakuteremsha na miaka imeandikwa ukutani inarudi nyuma, hadi karne ya 15, na mlango ukifunguka ni giza na dari ni la chini.

Kule chini nilikuta vipande vya chuma vya mraba, vimeliwa na kutu, vimelala juu ya kitambaa. Vilitoka kwenye São José, jahazi la watumwa la Kireno lililozama karibu na Cape Town Desemba 1794. Vyuma vile vilikuwa uzito wa kuisawazisha meli, kwa sababu binadamu ni mwepesi kuliko shehena nyingine. Na watu wale walipakiwa Kisiwa cha Msumbiji. Nilikuwa nimezoea kufikiri kuwa biashara ya Atlantiki ni habari ya Afrika Magharibi, na yetu ni ya upande wa Uarabuni. Hawa walikuwa watu wa bahari yetu, wanapelekwa Brazili. Zaidi ya 200 walikufa maji. Waliookoka waliuzwa palepale Rasi. Mlinzi alinipa kiti bila kuniuliza kitu.

Tiketi ni bure ila unaingia kwa saa uliyopangiwa, kwa hiyo iombe mapema.

Kuhusu Los Angeles sina mengi. Nilikaa siku tatu, na muda mwingi nilikuwa kituoni nikisubiri basi, au natembea kando ya barabara isiyo na mtu mwingine anayetembea. Jioni niliyopanda kilima hadi kituo cha nyota cha Griffith, kisicho na kiingilio, nikaona taa za mji zimetandazwa hadi baharini, ilikuwa nzuri kweli. Lakini ule ni mji wa mwenye gari. Ukienda na rafiki anayeendesha, utausifu.

Kanada ina viza yake, hata kama ya Marekani iko kwenye pasi yako, na inachukua wiki, kwa hiyo usinunue tiketi kwanza. Toronto ndio mji ambao sikuulizwa hata mara moja natoka wapi. Karibu nusu ya wakazi wamezaliwa nje ya Kanada, na mtu akikusikia unaongea lugha nyingine hageuzi shingo. Katika duka la viungo nilimkuta mama wa Kihindi mwenye umri wa nyanya yangu, kazaliwa Kampala, kaondoka 1972 Idi Amin alipowafukuza. Aliponisikia nikizungumza na nyumbani kwa simu akasema, "Karibu mwanangu, bizari yako hii hapa," kwa Kiswahili ambacho amekitunza miaka 45. Alinitilia mfukoni pakiti ya iliki, akakataa hela. Ukiwa kule vuka kwa feri hadi visiwani, dakika kama kumi na tano, ukae kwenye nyasi uutazame mji na mnara wake wa mita 553 kutoka majini. Ni bora kuliko kuupanda.

Montreal ni mji mwororo. Wanazungumza Kifaransa, treni za chini zinatembea kwa magurudumu ya mpira, na mlima uko katikati ya mji, unaupanda kwa miguu asubuhi na kushuka kwa chai. Dukani nilipokuwa natafuta unga wa muhogo, mama wa Bukavu, Kongo, aliniuliza, "Dada, uko mutu wa wapi?" tukacheka kwa kuelewana. Yeye ndiye aliyenikumbusha nikaone uwanja wa Olimpiki. Ni ule wenye mnara ulioinama kama shingo ya korongo. Mwaka 1976 timu ya Kenya ilifika hapa na kuondoka bila kukimbia. Nchi zaidi ya 20, nyingi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, ziligoma kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi na bado ikaruhusiwa kushiriki. Mike Boit wetu hakukimbia mita 800. Filbert Bayi wa Tanzania, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500, hakukutana na John Walker wa New Zealand, na Walker akachukua dhahabu. Nilizunguka uwanja ule wa saruji nje kwa nje, na upepo ulikuwa mkali. Sidhani kama walikosea kuondoka. Ila niliwaza habari ya kijana aliyefanya mazoezi miaka minne, akafunga begi.

Labda ndiyo maana Mexico City iliniingia moyoni namna ile. Nilikwenda Desemba 2018. Mwenye viza hai ya Marekani haombi nyingine ya Meksiko, jambo ambalo wengi wetu hatulijui, ila hakikisha yako inakuruhusu kurudi. Mji uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, juu ya Nairobi, na siku ya kwanza ngazi za hosteli zilinihemesha. Nauli ya treni ya chini ilikuwa peso 5, kama robo dola. Kila kituo kina jina na picha yake, kwa sababu walipoanza mwaka 1969 walitaka hata asiyejua kusoma asipotee. Chapultepec ni panzi. Coyoacán ni koyote, mnyama wa jamii ya mbwa. Mimi nisiyejua Kihispania nilisafiri mji wenye mamilioni ya watu kwa kuhesabu wanyama, na mabehewa ya mbele huwa ya wanawake na watoto, nikakaa kwa amani. Hakuna mji wa Marekani ulionifikiria hivyo.

Nilishuka Copilco nikatembea hadi uwanja wa Olimpiki wa chuo kikuu. Umejengwa kwa mawe meusi ya volkano, umelala chini kama kreta, na upande wa mashariki mchoraji Diego Rivera ameupamba kwa mawe ya rangi. Hapo Kipchoge Keino alimshinda Jim Ryun wa Marekani katika mita 1,500, akiwa mgonjwa wa kibofu cha nyongo, tarehe 20 Oktoba 1968. Siku hiyohiyo, jioni, wengi wameshaondoka uwanjani, aliingia John Stephen Akhwari wa Tanzania, goti limefungwa bendeji, akimaliza mbio za marathoni zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Siku moja, uwanja mmoja. Na 20 Oktoba ni siku ambayo Kenya sasa tunaiita ya Mashujaa. Nimeiadhimisha tangu shule ya msingi, nimeimba, nimepiga gwaride, na hakuna aliyewahi kuniambia kuwa Keino alishinda siku ile.

Nikarudi kituoni na njaa. Nje ya ngazi alikuwepo mama na jiko la makaa, anachoma mahindi. Mahindi haya asili yake ni nchi ile. Huko ndiko yalikolimwa mara ya kwanza, maelfu ya miaka kabla hayajawa ugali wetu. Wenyeji waliyapaka mayonezi na jibini la unga. Mimi nilionyesha kwa kidole limau, kisha pilipili, nikatikisa kichwa kwa mengine. Akalikata limau, akalichovya kwenye chumvi na pilipili nyekundu, akalisugua juu ya hindi kuanzia kitako hadi ncha, taratibu, akiligeuza, kama wanavyofanya pale Mama Ngina, Mombasa, mbele ya bahari. Nilikula nimesimama, midomo inawaka. Kesho yake nilipofika alinitambua, akachukua limau bila kungoja nionyeshe.